Amepita Bila Kupingwa

Murabba, Riyadh
11 Machi 1979

Dada yangu Mwanakhamis,

Shikamoo. Natumai barua hii yakukuta mzima, na mguu wa mwenzako wa nyumba, Bi Jokha, umepungua uvimbe. Mimi sijambo, ila kifua kimejaa saruji. Hapa Murabba kila asubuhi jengo limeota mahali palipokuwa wazi jana, na vumbi lake twalala nalo kitandani. Dismas, mwenzangu wa chumbani, yule mchora ramani wa Kisii niliyekwambia, asema siku tutakayorudi kwetu tutakohoa matofali.

Mama ameniandikia kwa mkono wa jirani. Macho bado yamsumbua, lakini anakula.

Sasa nikwambie kilichonikalisha na kalamu siku ya mapumziko. Watu kumi na wawili wa jimbo letu la Mkondoni wamenitumia barua, wote wametia saini. Wanataka nirudi nisimame ubunge mwaka huu. Wasema Ghalib Famau amekaa Bungeni miaka kumi na zahanati ni ile ile aliyoikuta, sasa haina hata paa. Wasema hakuna mwingine anayethubutu.

Najua Ghalib alikuwa mumeo, na kwamba binti yenu Badriya yuko nyumbani kwake. Ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza kabla sijawajibu. Wasemaje?

Nduguyo,
Haidar

*

Ruwais, Jeddah
2 Aprili 1979

Mdogo wangu Haidar,

Marahaba, na Mungu akukinge na hilo vumbi. Bi Jokha akusalimu. Mguu umepungua, mdomo haujapungua. Kazini wiki hii tumezalisha pacha mara tatu, na mama mmoja wa Hadhramaut amempa bintiye jina langu, nikacheka mpaka machozi. Joto limeanza. Jioni twafungua madirisha upepo wa bahari uingie, twala samaki na wali, twasikiliza redio.

Kuhusu uliloniuliza, mimi nasema hapana. Wewe ni mwalimu uliyekuja kuwa mkalimani wa kampuni, una kazi ya heshima na kafili anayekudhamini bila kukusumbua. Siasa yataka mtu mwenye ngozi ngumu. Wewe hata mtoto akikosa hesabu ulikuwa ukimwonea huruma. Isitoshe mama amezoea msaada wako, na hao kumi na wawili ukishuka uwanja wa ndege hutawaona hata wawili.

Mkataba wako waisha Septemba. Utie saini mwingine. Ukimaliza huo ndio tutazungumza.

Jihadhari na maji ya barafu.

Dada yako,
Mwanakhamis

*

Murabba, Riyadh
27 Aprili 1979

Dada,

Shikamoo. Sote wazima. Dismas amepata mtoto wa kike kwao, amegawa biskuti ofisi nzima.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umeandika kurasa tatu juu ya uchaguzi wa Mkondoni na hukumtaja Jabir hata mara moja.

Dada, Jabir alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza, na baadaye mwalimu mwenzangu. Ndiye aliyesimama dhidi ya Ghalib mwaka wa sabini na nne, na siku mbili kabla ya kupeleka karatasi zake za uteuzi akakutwa ndani ya kisima cha shamba lake mwenyewe. Wakasema aliteleza. Mtu aliyekulia kando ya kisima kile, akateleza! Mimi nilikuwa Mombasa na nilipofika walikwisha kumzika. Lakini nilikwenda kwa mzee aliyemwosha. Akanifungia mlango, akaniambia, "Mwanangu, mikono ya Jabir ilikuwa na alama. Hapa na hapa." Akanionyesha vifundo vyake. Kisha akasema nikimtaja atakana.

Wewe wakati ule ulikuwa ndani ya nyumba ya Ghalib. Arubaini ya Jabir ilipopita tu, ukadai talaka, ukamwacha mtoto wa miaka minane, ukaja huku. Sijawahi kukuuliza. Sasa nakuuliza. Ulisikia nini?

Haidar

*

Ruwais, Jeddah
21 Juni 1979

Mdogo wangu,

Usidhani nimenyamaza kwa hasira. Barua yako ilichelewa, halafu Bi Jokha aliugua, halafu wodi ikajaa. Sasa hajambo.

Niliachana na Ghalib kwa sababu alitaka kuoa mke wa pili na mimi sikutaka. Hayo yako wazi, Mkondoni nzima yajua. Ya marehemu Jabir sina la kuongeza. Mungu amrehemu.

Nakuomba usirudie kuniandikia mambo hayo. Barua hupita mikono mingi. Badriya sasa ana miaka kumi na mitatu. Mwaka huu sijapata hata picha yake.

Tia saini mkataba.

Mwanakhamis

*

Murabba, Riyadh
15 Julai 1979

Dada yangu,

Shikamoo. Ramadhani imekaribia, nakutakia mfungo mwema.

Nimewajibu watu wa Mkondoni kwamba nakuja. Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kwa kafili, kule Suwaidi, kumwambia siongezi mkataba na nahitaji pasipoti yangu. Ni mtu wa kucheka sana, wamjua kwa sifa. Safari hii hakucheka. Akasema, "Haidar, safari mafi, hakuna safari. Subiri." Nikamwuliza nisubiri nini. Akaniuliza, "Ghalib Famau ni nani kwako?" Mimi sijawahi kulitaja jina hilo mbele yake. Baadaye karani wake akaninong'oneza kwamba mheshimiwa mmoja wa kwetu anamletea vibarua, na atakuja Ramadhani.

Kuna lingine. Juzi mtu alifika chumbani nikiwa kazini. Dismas asema alikuwa mpole, kavaa vizuri, lafudhi kama yangu. Hakuacha jina. Aliacha chupa ya achari ya embe, akasema, "Mwambie ni salamu za nyumbani." Nilipoifungua nilifurahi, dada, kwa maana ni achari ya mama, na mimi siwezi kuikosea. Nikala na mkate. Katikati ya tonge nikajiuliza ni nani aliyekwenda kwa mama akaketi, akaomba, akapewa. Sikumaliza.

Bado nakwenda. Kama una neno, niambie sasa.

Haidar

*

Ruwais, Jeddah
20 Agosti 1979

Haidar,

Natumai funga yako yakwenda vyema. Huku tumebakiza siku chache, Bi Jokha keshaanza habari za sikukuu. Nimeomba ruhusa ya siku kumi kazini, wamenipa. Jana nilikwenda Balad kununua viatu na kitambaa cha gauni. Tukifuturu sasa nimezoea kutandika sahani tatu.

Nakuomba usisimame. Sikuombi kama dada, nakuomba kama mtu aliyekupigia magoti. Ukitaka sababu, sina. Nakuomba tu.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

M.

*

Murabba, Riyadh
3 Septemba 1979

Dada Mwanakhamis,

Shikamoo, na Idi njema iliyochelewa. Umenikataza kuandika, nisamehe.

Nyumba yenu ni ya watu wawili, wewe na Bi Jokha. Niliposoma sahani tatu nilijiuliza wa tatu ni nani. Sasa najua, na nimejulishwa na mtu ambaye sikutaka anijulishe.

Ghalib amekuja Riyadh na ujumbe wa wabunge. Aliniita hoteli anakokaa. Ameota kitambi, ndevu zimeingia mvi, ana sauti ile ile ya chini. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Haidar, shemeji yangu, umekonda. Achari ilifika?"

"Ilifika, mheshimiwa."

"Mama yako ana mkono wa achari. Mimi hupita pale kila Ijumaa nikitoka msikitini. Hafungi mlango, masikini. Nimemwambia afunge."

Akaniagizia kahawa.

"Nasikia unakitaka kiti changu."

"Si chako. Ni cha watu wa Mkondoni."

"Ni kweli. Na watu wa Mkondoni wamechoka na misiba. Mimi sitaki uchaguzi wenye msiba mwingine." Alisema hivyo kwa huruma kabisa, dada, kama mtu anayenipa pole. "Dada yako ameelewa. Nilipokwenda kumtazama Jeddah tulizungumza vizuri. Nikamwachia Badriya akae naye. Nitamtengenezea ikama, kibali cha kukaa huku, kupitia rafiki zangu. Hakukwambia?"

Nikamwambia uliniambia. Nilisema uongo ili asione kwamba amenipiga.

Mkataba wenu ulikuwa upi? Mtoto kwako, na mimi nikae kimya? Sikulaumu. Lakini nimechoka kuwa mtu wa mwisho kujua. Nakuuliza mara ya tatu yale ya mwaka wa sabini na nne. Nitakapojua ndipo nitaamua.

Haidar

*

Ruwais, Jeddah
14 Septemba 1979

Mdogo wangu,

Barua hii anakuletea mume wa mwenzangu wa kazini, dereva wa malori, mkononi. Ukiisoma, ukurasa huu uchome. Ukurasa wa pili utunze.

Ni kweli. Ghalib alikuja Ruwais siku ya ishirini ya Ramadhani, na nyuma yake msichana mrefu kaficha mikono ndani ya buibui. Sikumtambua mwanangu, Haidar. Nilimwamkia kama mgeni. Ghalib akasema, "Nipitishe uchaguzi huu salama, na huyu ni wako." Nikasema sawa. Sikufikiri hata muda wa kumeza mate. Badriya sasa hivi amelala ubavuni mwangu, anakoroma kama wewe ulivyokuwa ukikoroma.

Sasa lile jingine. Siku nne kabla ya karatasi za uteuzi, Ghalib alikuwa na watu wawili sebuleni. Majina yao yako ukurasa wa pili. Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa. Mmoja aliuliza, "Tumnyang'anye hizo karatasi zake?"

Ghalib akasema, "Karatasi ataandika nyingine."

Yule wa pili akasema, "Basi ni mwalimu mwenyewe."

Ghalib hakujibu. Akaniita, "Mwanakhamis, kahawa inapoa huko?" Nikaingia nikawamiminia, mmoja mmoja. Mkono wangu haukutetemeka. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini mpaka leo, kwamba haukutetemeka. Siku ya tatu Jabir akatolewa kisimani.

Ukurasa wa pili nimeandika hayo yote, siku, watu na maneno, na nimetia saini. Ukiutoa mbele ya sheria, Badriya atachukuliwa. Usipoutoa, Ghalib atapita tena. Mimi sina nguvu ya kuchagua. Nimekuachia wewe, na najua nimekufanyia vibaya.

Dada yako

*

Murabba, Riyadh
5 Oktoba 1979

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai nyote watatu hamjambo. Mpe Badriya busu la mjomba wake asiyemkumbuka.

Kazi imezidi sana. Kampuni imepata mradi mpya wa mabomba na wakalimani ni wachache. Nimetia saini miaka miwili. Watu wa Mkondoni nimewaandikia wanisamehe.

Naona umri wa Badriya ni wa kwenda shule. Mtafutie mwalimu wa hesabu.

Haidar

*

Ruwais, Jeddah
14 Novemba 1979

Haidar, ndugu yangu,

Nilijua si mabomba. Nililia na barua yako mpaka Bi Jokha akadhani ni habari ya msiba. Sina neno la kukushukuru, kwa hiyo sikulitafuta.

Kwetu uchaguzi ulikwisha siku ile ile ya kupeleka karatasi. Redio ilisoma majimbo yaliyopata wabunge bila kupingwa, na Mkondoni ilikuwa ya nne. Badriya alikuwa akimenya viazi. Aliposikia jina la baba yake hakuinua kichwa.

Juzi mtu alibisha hodi. Mpole, kavaa vizuri, lafudhi ya kwetu. Nadhani ndiye huyo wa achari. Alikuwa na bahasha ya tiketi.

"Mheshimiwa asema likizo ya mtoto imekwisha."

"Tulikubaliana atakaa nami."

"Karatasi zake zasema mwezi mmoja, bibi. Mwezi mmoja umepita kitambo."

Ikama haikuombwa hata siku moja. Amekuwa hapa bila karatasi muda wote huu, na mimi nilidhani yatengenezwa. Badriya alitoka jikoni akasimama kati yetu, akasema, "Sirudi kule." Mimi sikuthubutu kumwuliza ameona nini nyumba ile.

Bi Jokha akaja na bakora yake. "Mtoto mafi hapa," akasema kwa Kiarabu chake cha sokoni. "Halas, yamekwisha. Nenda." Wamjua Bi Jokha, amekaa Jeddah miaka kumi na mitano na hajawahi kumwogopa mtu.

Yule mtu akatabasamu. Akasema, "Nitamfikishia. Atasikitika. Wiki iliyopita tu alikuwa kwa mama yenu, amemwekea taa mpya barazani ili wageni waone njia."

Akaondoka. Tiketi akaiacha mlangoni.

Sasa amepata kiti na bado anataka kila kitu. Basi ukurasa wa pili ni wako, ufanyie utakalo. Mtoto sitamrudisha, wanitoe naye.

Mwanakhamis

*

Murabba, Riyadh
9 Desemba 1979

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata juzi. Tangu mambo ya Makka barabara zimejaa askari na kila mfuko wa posta wapekuliwa.

Jana kafili aliniita. Pasipoti yangu ilikuwa mezani na ruhusa ya kutoka imekwisha kupigwa muhuri. Mimi sikuomba. Nilimwomba miezi mitano iliyopita akanikatalia, na sasa nina mkataba mpya, nami sikuomba. Ndani ya pasipoti mlikuwa na tiketi ya Nairobi.

"Nani amelipa?" nikamwuliza.

"Rafiki yako mkubwa," akasema. "Yalla, nenda, Haidar. Nyumbani wanakutaka." Hakunitazama usoni. Nadhani ameona haya, maana si mtu mbaya.

Dismas amenikalia usiku na mchana nisiende. Asema anayelipiwa tiketi na adui yake hasafiri, anapelekwa. Ni kweli. Lakini nikikaa, mama yuko peke yake chini ya taa ile. Nitamtoa Mkondoni nimfikishe kwa binamu zetu Mombasa. Kisha nitauchukua ukurasa wa pili kwa mwanasheria, niweke kiapo na mjane wa Jabir awe shahidi kwamba nimeuleta. Jambo hili lilitakiwa kufanywa miaka mitano iliyopita.

Andika nakala kwa mkono wako, nyingi uwezavyo, uziweke mbalimbali. Ukifika mwezi wa pili hujapata barua yenye mwandiko wangu, mpe Badriya nakala moja asome. Ni baba yake, ana haki ya kujua.

Naogopa, dada. Nimeona nikwambie.

Haidar

*

Ruwais, Jeddah
17 Februari 1980

Mdogo wangu Haidar,

Barua hii naipeleka Riyadh kwa Dismas, maana sijui pengine pa kuipeleka. Ataitunza.

Salamu za huku ni njema. Bi Jokha anatembea. Mkwewe amesimama mdhamini kwa karatasi za Badriya, zimepokelewa, twasubiri jibu.

Mama yuko Mombasa. Binamu ameandika kwa niaba yake. Ulimfikisha salama, ukalala siku mbili, ukala vizuri, ukatoka asubuhi ya tarehe kumi na tisa Januari na bahasha mkononi kwenda kwa mwanasheria. Mwanasheria asema hukufika. Nimesoma pia kwamba Mheshimiwa Ghalib ameguswa sana. Ametoa gari lake na watu wake wakutafute, na amekuja mwenyewe mpaka Mombasa kumpa mama pole. Mama alimpokea. Hajui.

Nimeandika nakala sita. Mbili ziko kwa mjane wa Jabir, moja imekwenda gazetini Nairobi, moja kwa mwanasheria yule yule, moja kwa Dismas pamoja na hii. Jina langu liko chini ya kila moja. Mwandiko wangu umekuwa mzuri kwa kurudia.

Ya sita nilimpa Badriya jana, kama ulivyoagiza. Aliketi sakafuni akasoma mpaka mwisho, akarudia mwanzo. Hakulia. Akaikunja vizuri. Nikangoja aniulize juu ya baba yake.

Akaniuliza, "Kati ya siku uliyosikia na siku aliyokufa, ulimwona mwalimu Jabir?"

Haidar, hilo sikukuandikia. Sikuliandika kwenye ukurasa wowote. Nilimwona. Kesho yake asubuhi alipita barazani kwetu na baiskeli, akasimama kunisalimu kwa ajili yako. Aliuliza utarudi lini kutoka Mombasa. Tulikuwa wawili tu, Ghalib alikuwa hayupo, mtaa ulikuwa mtupu. Nikamkaribisha chai. Akasema atarudi kuinywa akishapeleka karatasi zake.

"Ukamwambia nini?" mwanangu akauliza.

Nikamwambia, "Nilimwambia, 'Haya, kwaheri.'"